Leon Draisaitl, Mjerumani wa Edmonton: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Leon Draisaitl ni nani?

Ni mchezaji wa hoki ya barafu kutoka Ujerumani, mshambuliaji wa kati anayevaa jezi namba 29 ya Edmonton Oilers, timu ya Kanada inayocheza NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Alizaliwa Köln tarehe 27 Oktoba 1995. Mwaka 2020 alikuwa Mjerumani wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa ligi hiyo, na mwaka 2025 akawa Mjerumani wa kwanza kumaliza msimu akiwa mfungaji bora. Nchini kwao mpira wa miguu humeza karibu kila kitu, kwa hiyo mtu wa hoki kufahamika hadi na bibi asiyefuatilia mchezo huo si jambo dogo.

Jina lake linatamkwaje?

Drai-sai-tel, na ile sehemu ya mwisho hupita haraka kama imemezwa. Watangazaji wa Kanada walihangaika nalo mwanzoni. Siku hizi mtoto yeyote wa Edmonton analitaja bila kujikwaa.

Sijawahi kutazama hoki ya barafu. Nijue nini kwanza?

Kila timu huwa na watu sita uwanjani: kipa, mabeki wawili, mawinga wawili na mshambuliaji wa kati. Wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, na kwa magongo yao wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Wachezaji hubadilishana mfululizo bila mchezo kusimama, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kukimbia kwa kasi ile zaidi ya dakika moja hivi.

Mambo mawili zaidi yatakusaidia kusoma takwimu. La kwanza ni pointi: mfungaji hupata pointi moja, na watu hadi wawili waliogusa kisahani kabla yake hupata pointi moja kila mmoja. Ukisikia mchezaji ana pointi 100 katika msimu wa mechi 82, ujue umesikia kitu kikubwa. Wengi hustaafu bila kuufikia mlima huo hata mara moja. La pili ni adhabu. Anayekosea hupelekwa kwenye kiti cha adhabu, kwa kawaida dakika mbili, na timu yake hucheza pungufu. Dakika hizo mbili ndizo shamba la Draisaitl, na tutalirudia hilo.

Ni kweli baba yake naye alicheza?

Ni kweli, na bila kumjua baba ni vigumu kumwelewa mtoto. Peter Draisaitl alizaliwa Karviná, iliyokuwa Chekoslovakia, akawa mshambuliaji wa kutegemewa wa timu ya taifa ya Ujerumani na kushiriki Olimpiki tatu: 1988, 1992 na 1998. Baada ya kustaafu akageukia ukocha, na kati ya timu alizofundisha imo Kölner Haie ya mjini Köln.

Wajerumani wa rika fulani hawamkumbuki sana kwa mabao aliyofunga. Wanamkumbuka kwa moja ambalo halikuingia. Olimpiki ya 1992 nchini Ufaransa, robo fainali, Ujerumani dhidi ya Kanada. Mechi iliisha 3–3, zikaja penalti, Eric Lindros akaifungia Kanada, na Peter akabaki na jaribio la mwisho. Alipiga, kisahani kikapita katikati ya miguu ya kipa Sean Burke, kikaendelea kuviringika polepole kuelekea golini, kikaanguka juu ya mstari. Kikatulia pale pale. Hakikuvuka. Ujerumani ikatoka.

Leon hakuwa amezaliwa. Lakini alikulia katika nyumba ambayo picha ile ilijulikana, na alijifunza mchezo kwa mtu aliyeishi na mstari ule maisha yake yote. Sitaki kuongeza chumvi na kudai kila bao la mtoto ni kisasi cha baba. Ninachosema ni kwamba mchezaji aliyelelewa na baba wa namna hiyo anajua tangu udogoni kuwa ufundi wote duniani unaweza kukwama kwa upana wa kidole.

Alianzia wapi kucheza?

Köln, kwenye timu za watoto. Baadaye akahamia Mannheim kujiunga na Jungadler, yaani "tai wadogo", kituo cha kulea vijana ambacho kwa miaka mingi kimekuwa bora kuliko vyote Ujerumani. Huko, msimu wa 2010–11, alifunga mabao 97 na kutoa pasi za mabao 95 katika mechi 29. Hilo si kosa la uchapaji: pointi 192 kwa mechi 29. Kando yake alikuwepo Dominik Kahun, kijana mwingine mwenye kipaji kikubwa, ambaye miaka kumi baadaye walikutana tena wakivaa jezi moja ya Edmonton.

Takwimu za namna hiyo zinafurahisha, lakini pia ni onyo. Mtoto anayefunga zaidi ya mabao matatu kila anapoingia uwanjani hajifunzi tena kwa wenzake. Amebaki bila wa kumkimbiza.

Ndiyo sababu aliondoka Ujerumani mapema?

Ndiyo. Mwaka 2012, akiwa na miaka 16, alichaguliwa namba mbili katika mgawanyo wa vijana wa kigeni wanaotaka kucheza ligi za vijana za Kanada. Waliomchukua ni Prince Albert Raiders, timu ya mji mdogo katika jimbo la Saskatchewan, mahali ambapo baridi ya kipupwe hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na safari za mechi za ugenini ni za basi, saa nyingi usiku kucha.

Msimu wa kwanza alipata pointi 58 katika mechi 64. Wa pili, mechi zile zile 64, pointi 105. Ukizitazama namba hizo mbili pamoja unaona desturi ambayo imemfuata kazi yake yote: mwaka wa kwanza anasoma mazingira, mwaka wa pili anayatawala.

Drafti ya 2014 ilikwendaje?

Drafti ndiyo siku timu za NHL hugawana vijana wapya kwa zamu. Edmonton walimchagua namba tatu, nyuma ya Aaron Ekblad aliyekwenda Florida na Sam Reinhart aliyekwenda Buffalo. Hakuna Mjerumani aliyewahi kuchaguliwa juu namna hiyo. Mwaka 2020 Tim Stützle alimfikia, naye namba tatu, Ottawa.

Yanayofuata huwa hayasimuliwi sana, na kwangu ndiyo sura muhimu kuliko zote. Alianza NHL mara moja akiwa na miaka 18, akapewa mechi 37, akafunga mabao mawili. Mawili tu. Miguu ilikuwa mizito, kasi ya ligi ilimshinda, na timu yenyewe ilikuwa imechoka. Oilers hawakuwa wameingia hatua ya mtoano tangu 2006. Mnamo Januari 2015 klabu ikamrudisha kwenye hoki ya vijana, safari hii Kelowna, British Columbia.

Kijana mwingine angenuna. Yeye aliichukua Kelowna hadi ubingwa wa ligi ya magharibi, akawa mchezaji bora wa mtoano, kisha wakaenda kwenye Memorial Cup, mashindano ya mabingwa wa vijana wa Kanada nzima. Fainali walifungwa 2–1 na Oshawa katika muda wa nyongeza, na bado tuzo ya mchezaji bora wa mashindano ikaenda kwa Draisaitl, aliyekuwa upande wa walioshindwa. Kumbuka hilo. Litajirudia.

Hata msimu wa 2015–16 haukuanzia Edmonton. Alipelekwa kwanza Bakersfield, California, kwenye timu ya daraja la chini, akacheza mechi sita. Alipoitwa juu mwishoni mwa Oktoba alifunga mabao mawili siku ya kwanza dhidi ya Montreal, na tangu hapo hajashuka tena. Msimu ukaisha akiwa na pointi 51.

Lini hasa alianza kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa?

Watu wa Edmonton watakwambia ni majira ya kuchipua ya 2017. Timu ilirejea kwenye mtoano baada ya miaka 11, na yeye akapata pointi 16 katika mechi 13. Dunia iliyobaki ilichelewa kidogo: ilisubiri msimu wa 2018–19, alipofunga mabao 50, moja tu nyuma ya Alexander Ovechkin aliyeongoza ligi. Hakuna Mjerumani aliyewahi kufika 50. Pointi zake zilikuwa 105.

Kwa nini msimu wa 2019–20 unatajwa mno?

Kwa sababu alizoa tuzo tatu kubwa kwa pamoja. Art Ross hupewa mwenye pointi nyingi zaidi. Alikuwa nazo 110 katika mechi 71, kabla ya ugonjwa wa korona kuusimamisha msimu Machi 2020. Hart hupewa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, na hupigiwa kura na waandishi. Ted Lindsay hupigiwa kura na wachezaji wenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo tamu kuliko zote, maana hao ndio wanaojua uchungu wa kumkaba. Mwishoni mwa mwaka huo waandishi wa michezo wa Ujerumani wakamchagua mwanamichezo bora wa mwaka wa nchi nzima, mara ya kwanza kwa mtu wa hoki ya barafu.

Ana ufundi gani ambao wengine hawana?

Ningeweza kujibu swali hili hadi kuche.

Anza na gongo lake. Ubao wa chini, ule unaogusa kisahani, kwa wachezaji wengi umepindwa ili shuti lipae kirahisi. Wa Draisaitl ni mpana na haujapindwa sana. Maana yake ni kwamba upande wa nyuma wa gongo, ambao kwa wengine ni wa dharura tu, kwake ni chombo kamili. Anatoa pasi za mgongo wa gongo, ndefu, kali, zinazopita katikati ya miguu ya watu wawili na kutua mahali mwenzake atakapokuwa nusu sekunde baadaye. Wapo wachezaji wa NHL ambao kwa upande wao wa kawaida hawawezi kutoa pasi anayoitoa yeye kwa mgongo.

Pili ni mwili. Ana urefu wa sentimita 188 hivi na uzito wa kutosha, na anautumia mgongo kama ukuta. Beki anakuja nyuma yake, yeye anainama kidogo, anakiweka kisahani upande wa mbali, na hapo saa inakuwa mikononi mwake. Hana haraka. Anasubiri hadi mtu wa pili aje kumsaidia yule wa kwanza, kwa sababu wa pili akija lazima ameacha mtu wazi mahali fulani, na Draisaitl tayari anajua ni wapi.

Tatu ni shuti lake. Timu pinzani ikiwa na mtu kwenye kiti cha adhabu, yeye hujipanga upande wa kulia wa goli, chini kabisa, karibu na mstari. Kwa hesabu za kawaida mahali pale ni pabaya: pembe imefinyika, goli linaonekana kama ufa wa mlango. Kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, pasi ikimjia kutoka upande wa pili anaipiga moja kwa moja bila kuituliza. Kipa analazimika kuteleza kutoka nguzo moja hadi nyingine, na kisahani kinapenya pale kiganja cha mtu kisingepita. Msimu wa 2022–23 alifunga mabao 32 ya namna hiyo, wapinzani wakiwa pungufu. Katika historia yote ya NHL ni Tim Kerr tu aliyewahi kumzidi, kwa mabao 34 msimu wa 1985–86. Mwaka huo Oilers walifunga katika asilimia 32.4 ya nafasi zao za aina hiyo, kiwango ambacho ligi haikuwahi kukiona kabla.

Na kasi? Kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa udhaifu wake alipokuja. Hata leo si mkimbiaji wa kushangaza. Alichofanya ni kuifanya kasi isiwe na umuhimu: anafika mapema kwa sababu alishaondoka mapema.

Bila Connor McDavid angefika hapa?

Swali hili humfuata kama kivuli, na linatokana na ukweli mmoja wa wazi: mwaka mmoja baada ya Edmonton kumchukua yeye, walimpata McDavid, mchezaji ambaye wengi humwona bora duniani. Wanapocheza mstari mmoja, yaani kundi moja la washambuliaji watatu wanaoingia uwanjani pamoja, ni kama kuona mtu mmoja mwenye magongo mawili.

Lakini tazama mambo yalivyo. Msimu wa 2019–20, kuanzia mwisho wa Desemba, kocha Dave Tippett aliwatenganisha. Draisaitl akawekwa na Ryan Nugent-Hopkins na kijana Kailer Yamamoto, na huo ndio muda Edmonton walipata mstari wa pili wenye nguvu kama wa kwanza. Aliumaliza msimu akiwa pointi 13 mbele ya McDavid, aliyekuwa wa pili katika ligi. Tena timu yenye nyota wawili wanaoongoza mistari tofauti ni mzigo kwa wapinzani, maana mabeki bora hawawezi kuwa uwanjani muda wote.

Jibu langu ni hili: McDavid amemfanya Draisaitl aonekane mdogo kuliko alivyo. Angekuwa timu nyingine yoyote kati ya nyingi za ligi hii, angekuwa nahodha wake, uso wake na wimbo wake. Amechagua kubaki mahali ambapo ni wa pili kwa jina, na sijamsikia akilalamika.

Analipwa kiasi gani?

Agosti 2017 alisaini mkataba wa miaka minane wa dola za Marekani milioni 68, sawa na milioni 8.5 kwa mwaka. Wapo waliosema Edmonton wamelipa kupita kiasi kwa kijana wa miaka 21 mwenye msimu mmoja mzuri. Ndani ya miaka mitatu mkataba ule ulikuwa unatajwa kati ya biashara bora kabisa za klabu katika ligi.

Septemba 2024 akasaini mwingine, miaka minane tena, dola milioni 112, yaani milioni 14 kwa mwaka kuanzia msimu wa 2025–26. Wakati wa kusaini, hakuna mchezaji wa NHL aliyekuwa na wastani mkubwa kuliko huo. Baada ya hapo Kirill Kaprizov wa Minnesota alipata wa milioni 17 kwa mwaka. Fedha hizi zina upande wa pili: NHL huweka kikomo cha mishahara kwa kila timu, kwa hiyo kila dola anayopewa nyota ni dola asiyopewa beki. Edmonton wameuhisi uzito huo.

Ameshawahi kushinda Kombe la Stanley?

Hapana, kombe hilo la ubingwa wa NHL hajalipata. Ndilo swali linaloumiza.

Mwaka 2022 aliumia kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza dhidi ya Los Angeles. Jeraha la aina ile humweka mtu nje wiki kadhaa. Yeye aliendelea kucheza. Raundi iliyofuata, dhidi ya majirani zao Calgary, alikuwa hawezi hata kujisukuma vizuri kwa mguu mmoja, na bado alipata pointi 17 katika mechi tano, karibu zote kwa pasi. Ukitazama mikanda ya mechi zile utaona mtu anayechechemea kurudi kwenye benchi, kisha anaingia tena na kuipasua timu nzima akiwa amesimama. Jumla yake mwaka huo ilikuwa pointi 32 katika mechi 16, kabla ya Colorado kuwatoa.

Mwaka 2024 walifika fainali, ambako bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne. Florida Panthers walishinda mechi tatu za mwanzo, Edmonton wakarudisha zote tatu, jambo ambalo katika fainali halikuwa limetokea tangu miaka ya 1940, kisha wakafungwa 2–1 katika mechi ya saba. Draisaitl hakufunga hata bao moja katika fainali ile. Sitamtetea kwa hilo. Timu ilihitaji bao lake moja na halikuja.

Mwaka uliofuata, Florida wale wale, fainali tena. Safari hii alijibu. Alifunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza mechi ya kwanza, akafunga jingine la namna hiyo mechi ya nne baada ya timu yake kuwa nyuma 3–0. Ukijumlisha na mawili aliyokwisha kufunga dhidi ya Los Angeles na Vegas, yakawa mabao manne ya muda wa nyongeza katika mtoano mmoja. Tangu NHL ianze hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Alimaliza na pointi 33 katika mechi 22. Florida wakachukua kombe katika mechi ya sita.

Wanaosema mchezaji asiye na kombe hajakamilika wana haki ya kusema. Mimi nadhani wanachanganya timu na mtu. Hoki huchezwa na watu 20 kila usiku, na mshambuliaji bora kabisa huwa uwanjani dakika 22 au 23 kati ya 60. Dakika zinazobaki anakaa benchi akitazama kama wewe.

Kwa timu ya taifa ya Ujerumani amefanya nini?

Kidogo kuliko Wajerumani walivyotamani, na kosa si lake. Mashindano ya dunia hufanyika Mei, wakati mtoano wa NHL haujaisha, kwa hiyo Edmonton wakifanya vizuri Ujerumani inamkosa. Mwaka 2017, mashindano yalipokuwa Köln, mji aliozaliwa, alipanda ndege mara tu Oilers walipotolewa na Anaheim, akawahi mechi za mwisho.

Olimpiki ndiyo kidonda zaidi. Mwaka 2018 NHL haikuwaruhusu wachezaji wake kwenda Pyeongchang. Ujerumani ikaenda na vijana na wazee wa ligi ya nyumbani chini ya kocha Marco Sturm, ikawatoa Uswidi na Kanada, ikafika fainali na kufungwa 4–3 na Warusi katika muda wa nyongeza. Medali ya fedha, muujiza mkubwa wa hoki ya Ujerumani, na mchezaji wake bora alikuwa Edmonton. Mwaka 2022 korona ikazuia tena. Mwaka 2023 Ujerumani ikapata fedha ya mashindano ya dunia, naye hayupo. Ilibidi asubiri hadi Milano Cortina 2026, akiwa na miaka 30, ndipo akaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na siku ya ufunguzi alikuwa mmoja wa wawili waliobeba bendera ya nchi yake.

Kuna kipande kimoja kinachosahaulika: Septemba 2016 aliichezea timu ya mseto ya Ulaya katika Kombe la Dunia la hoki mjini Toronto. Hakuna aliyeitarajia, ikafika fainali dhidi ya Kanada.

Je, ndiye Mjerumani bora wa wakati wote?

Kwa mabao na pointi, hakuna anayemkaribia. Desemba 2025 alivuka pointi 1,000 katika NHL, na Mjerumani aliyekuwa akiongoza kabla yake, Marco Sturm, alistaafu akiwa hajafika hata 500.

Ila heshima wapewe na waliofungua njia. Uwe Krupp, beki, naye mzaliwa wa Köln, ndiye aliyefunga bao lililoipa Colorado kombe mwaka 1996, usiku wa manane, muda wa nyongeza wa tatu, mechi ikiwa 0–0. Olaf Kölzig, kipa aliyezaliwa Johannesburg kwa wazazi Wajerumani, alishinda tuzo ya kipa bora wa ligi mwaka 2000. Dennis Seidenberg, Tom Kühnhackl na Philipp Grubauer wote wana makombe. Nico Sturm ana mawili, na la pili alilipata 2025 akiwa Florida, upande wa pili wa uwanja kutoka kwa Draisaitl. Siku hizi Moritz Seider, Tim Stützle na JJ Peterka wanaingia NHL bila mtu kushangaa kuwa ni Wajerumani. Kushangaa huko kuliisha wakati wa Draisaitl.

Misimu yake mikubwa ni ipi, kwa namba?

2018–19: mabao 50, pointi 105. 2019–20: 43 na 110. 2021–22: 55 na 110. 2022–23: 52 na 128, wa pili katika ligi nyuma ya McDavid mwenye 153. 2023–24: 41 na 106. 2024–25: 52 na 106 katika mechi 71, na tuzo ya Rocket Richard ya mfungaji bora, katika kura za Hart mwaka huo alikuwa wa pili nyuma ya kipa Connor Hellebuyck wa Winnipeg. Msimu wa 2020–21 ulifupishwa hadi mechi 56, akapata pointi 84, na kwa wastani wa kila mechi ulikuwa katika kiwango cha ile mingine.

Mechi za Edmonton huchezwa saa ngapi?

Za nyumbani nyingi huanza saa moja jioni kwa saa za huko. Ujerumani huwa ni saa tisa usiku. Afrika Mashariki ni saa kumi alfajiri, au saa kumi na moja Kanada wakirudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi. Anayeamka mapema kwa swala au kwa safari ya kazini anaweza kupata vipindi viwili.

Nikitaka kutazama mechi moja tu, ipi?

Fainali ya 2025, mechi ya nne, iliyochezwa Florida. Edmonton wamefungwa matatu katika kipindi cha kwanza na wanaonekana wamekwisha. Wanarudi, wanaongoza 4–3, wanasawazishiwa zikiwa zimebaki sekunde chache. Katika muda wa nyongeza usifuate kisahani. Mfuate namba 29. Utamwona akiingia upande wa kulia, beki amemlalia, mkono mmoja tu ndio uliobaki kwenye gongo. Kwa mkono huo mmoja anakisukuma kisahani kuelekea mbele ya goli. Kinamgonga mchezaji wa Florida, kinabadili njia, kinampita Sergei Bobrovsky, na kinavuka mstari.